Stesheni ya Kupimia Ardhi kwa Setelaiti, na Ploti Zetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, ukumbi wa Kaloleni, Nairobi)



Nimeombwa niseme habari za chombo ambacho wengi wenu mmekiona kando ya njia ya reli. Ni miguu mitatu ya rangi ya manjano, juu yake kitu cheupe kama uyoga mkubwa, na kijana amekaa chini ya mwavuli akikilinda. Mwenzetu mmoja wa Makadara aliniuliza kama ni kamera ya askari wa trafiki. Si kamera. Ni stesheni ya kupimia ardhi kwa setelaiti, nasi tulio kazini twaiita besi.

Mimi si mpima mwenye leseni. Ni mtu wa gengi ya njia, na elimu yangu ni ya shule ya misheni mpaka darasa la nane. Lakini kwa miaka sita nimetumwa mara nyingi kuwasaidia wapima: kubeba betri, kusimamisha miguu, kushika fimbo, kuandika vimo katika daftari. Niliyoyashika kwa mikono yangu ndiyo nitakayosema. Na sababu ya kuyasema hapa ni kwamba wengi wetu twakata akiba katika mshahara ili tupate ploti huko Joska, Kamulu, Ruai na Njiru, na mipaka ya ploti hizo siku hizi haipimwi tena kwa mnyororo. Yapimwa kwa besi. Mtu anayenunua nyama hutazama mizani, hata kama yeye si mchinjaji. Vivyo hivyo yatupasa kutazama besi.

Wala msidhani ya kuwa mita moja ni kitu kidogo. Wafanya kazi wa reli twajua. Mwaka 2004 ilitolewa ilani kwamba watu walioishi ndani ya futi 100 kila upande wa njia, kule Kibera na Mukuru, waondoke. Futi 100 ni mita 30 na nusu. Zilipita miaka mingi ya mabishano, halafu ukafanywa mpango mwingine kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia, ukanda ukapunguzwa, na watu wakajengewa nyumba na vibanda vya biashara. Katika miaka hiyo yote kuna jambo moja lililokuwa linamhusu kila mwenye chumba kule: je, chumba changu ki ndani au ki nje? Jibu la swali hilo hutoka katika kipimo, na kipimo huanza mahali fulani.

Basi tuanze na setelaiti zenyewe. Wamarekani wana mtambo wao uitwao GPS, Warusi wana GLONASS, nchi za Ulaya zina Galileo, na Wachina wana BeiDou. Zote pamoja ni zaidi ya setelaiti 100. Zile za GPS huzunguka juu yetu kwa umbali wa kilomita kama 20,200. Kila moja ina saa ya namna ya pekee, nayo hutangaza bila kunyamaza: mimi ni fulani, niko mahali fulani, saa yangu ni hii. Risiva iliyo chini hupima muda ambao redio imetumia kufika, ikapata umbali. Ikipata umbali wa setelaiti nne au zaidi, yajua mahali ilipo.

Lakini redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Ukikosea muda kwa sehemu moja katika milioni mia moja ya sekunde, umekosea mita 3. Tena makosa hayakosekani. Saa ya setelaiti hukosea kidogo, njia yake hukosea kidogo, na zaidi ya yote iko hewa ya juu sana ambayo jua huichangamsha, ikaichelewesha redio. Katika jambo hili sisi tulio karibu na ikweta twaonewa kuliko watu wa Ulaya. Hewa hiyo husumbua sana hapa kwetu, hasa baada ya jua kutua, miezi ya Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba. Ndiyo maana mpima mwenye akili hataki kuendelea na kazi giza linapoingia, hata kama mwenye shamba ameleta taa.

Kabla ya tarehe 2 Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiiharibu kidogo sauti ya GPS kwa makusudi, ili watu wasio wanajeshi wao wasipate mahali sawasawa, na kosa liliweza kufika mita 100. Siku hiyo waliacha. Leo simu yako ya mkononi, ukiwa nje penye mbingu wazi, hukosea mita 3 mpaka 5. Kwa kutafuta duka hiyo yatosha. Lakini ploti zetu ni za hamsini kwa mia, yaani upana wa mita 15 na robo tu. Mita 5 ni theluthi ya upana wa ploti. Kwa hiyo dalali akija na simu akakuonyesha nukta ya buluu na kusema bikoni yako ni hapa, mshukuru kwa chai, lakini usimpe fedha.

Sasa, besi yafanya nini? Nitasema kwa mfano wa kazi yetu. Zamani gadi wa gari la moshi alilinganisha saa yake na saa ya stesheni. Saa ya mfukoni huweza kukimbia au kuchelewa, lakini ya stesheni inajulikana, na ukijua tofauti ya hizo mbili umekwisha kuitengeneza ya mfukoni. Besi ni saa ya stesheni. Husimama juu ya alama ambayo mahali pake pamekwisha kujulikana. Yasikia setelaiti zikiiambia: wewe uko mita mbili mashariki ya hapo. Besi yajibu: sivyo, najua niliposimama, mmekosea mita mbili. Kosa hilo hulipeleka kwa redio, au kwa laini ya simu, kila sekunde, kwa chombo cha pili kilicho juu ya fimbo, ambacho twakiita rova. Kwa kuwa rova iko karibu na hewa iliyo juu yake ni ile ile, kosa lake nalo ni lile lile. Rova yaliondoa.

Hilo lingetuleta karibu na nusu mita. Ili kufikia sentimita moja au mbili iko kazi nyingine, nayo watu wa gengi wataielewa upesi kuliko makarani. Redio ya setelaiti huja kwa mawimbi, na wimbi moja la GPS lina urefu wa sentimita 19 hivi. Chombo huyahesabu mawimbi kama sisi tuhesabuvyo mataruma. Ukijua nafasi kati ya taruma na taruma, na ukajua idadi yake, wajua umbali bila kuvuta tepu. Ila mtu akikuita katikati ya hesabu ukasahau ulikuwa wapi, huna budi kuanza upya. Rova ikipita chini ya mti au chini ya daraja hupoteza hesabu namna hiyo hiyo. Kioo chake huonyesha neno fiksi hesabu ikiwa kamili, na neno floti ikiwa bado inaelea. Usikubali bikoni yako ichimbiwe wakati kioo kinasema floti. Huhitaji cheti kusoma neno moja. Tena ujue kwamba kadiri rova inavyokwenda mbali na besi, kosa huongezeka kwa milimita moja hivi kila kilomita, na hesabu ya mawimbi huzidi kuwa ngumu.

Nieleze jinsi ya kuisimamisha.

Mahali pa besi pawe na mbingu wazi pande zote. Mabati ni adui, kwa kuwa redio hugonga bati ikarudi, na antena husikia sauti mbili, ile ya kweli na ile ya mwangwi. Hapa Eastlands ni taabu kubwa. Kule Pipeline maghorofa yamekaribiana hata mbingu imekuwa kama uchochoro, na besi haiwezi kukaa chini. Hupandishwa juu ya paa la zege, na mlinzi akae huko huko. Makontena, nyaya kubwa za umeme, miti ya mikaratusi, vyote viepukwe. Tena pasiwe njia ya mbuzi wala ya bodaboda.

Miguu ikanyagwe mpaka ikaze. Juu ya lami wakati wa jua kali mguu hudidimia polepole, asubuhi hauoni kitu, mchana umekwisha kuhama. Halafu timazi, au ile darubini ndogo itazamayo chini, ielekee katikati kabisa ya alama, na povu la pima maji likae katikati. Ukigusa kimoja, chatikisika kingine, basi wavirudia vyote viwili mpaka vikubaliane. Kijana mwenye haraka hutengeneza povu na kuisahau alama.

Kimo cha antena ndicho kitu ninachokikazia sana. Chapimwa kutoka alama ya chini mpaka alama iliyo kwenye antena, mara tatu, pande tatu, na kuandikwa katika daftari kwa kalamu pamoja na maneno: kimepimwa wima, au kimepimwa kwa mshazari. Maneno hayo mawili yakikosekana, mtu wa ofisini atabahatisha. Kwa mpaka wa ploti kosa la kimo halina madhara makubwa, lakini kwa mtaro wa maji machafu au kwa njia ya reli lina madhara yote, maana maji hayasomi ramani. Tena kimo cha setelaiti si kimo cha kutoka bahari. Setelaiti hupima kutoka umbo la dunia lililowekwa kwa hesabu, na hapa Nairobi tofauti yake na bahari ni zaidi ya mita 10. Fundi akikuambia kwamba namba ya setelaiti haikubaliani na namba ya ramani ya mifereji, huenda wote wawili ni wakweli.

Redio ya besi nayo haiwashwi hovyo. Masafa yake yataka kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano. Wengi siku hizi huikwepa kwa kutumia laini ya simu, na mtandao ukikatika kazi husimama, watu hukaa kivulini.

Sasa nafika penye kiini cha jambo. Besi ikiisha kusimama, huulizwa: mahali pako ni wapi? Mpima huandika namba za alama anayoijua. Lakini chombo kina kitufe kingine ambacho maana yake ni "hapa". Ukikibonyeza, besi yajipa mahali yenyewe kwa kusikiliza setelaiti tu, kama simu, na yaweza kukosea mita mbili au tatu. Halafu kazi yaendelea vizuri sana! Kioo chasema fiksi. Vigingi vyote vyakaa sawasawa kimoja kwa kingine. Ukivuta tepu kati ya bikoni na bikoni wapata futi 50 kamili na futi 100 kamili. Kila kitu ni sawa, ila ploti zote kwa pamoja zimehama mita mbili, kama behewa lililosukumwa bila kuvunjika kioo hata kimoja. Tepu haiwezi kugundua kosa hilo kamwe. Kitufe chenyewe si kibaya, maana chafaa kwa kazi ya kuanzia, mradi namba zisahihishwe baadaye. Ubaya ni kukibonyeza, kuchimbia bikoni na kwenda nyumbani.

Nawapa habari ya wenzetu fulani wa karakana. Walichanga wakanunua ekari tano upande wa Joska, zikagawanywa ploti. Jirani yao naye alikuwa amepimiwa na mpima mwingine. Kila upande ulikuwa na ramani nzuri, na kila upande ulivuta tepu ukaona haki yake. Lakini ramani mbili zilipowekwa pamoja ukanda wa mita 2 ulikuwa na wenyewe wawili. Ploti 8 za mstari wa mwisho zingekatwa karibu futi 7 kila moja, na mama mmoja alikuwa amekwisha kumwaga msingi wa nyumba. Yalisemwa maneno mabaya juu ya jirani, na wengine walitaka kwenda na rungu. Mwishoni mpima wa tatu alisimamisha besi juu ya alama inayojulikana, akaenda na rova kwenye bikoni ya zamani iliyokuwa kichakani. Bikoni ya zamani ilikubaliana na jirani. Ploti za wenzetu ndizo zilizohama, kwa ajili ya kile kitufe. Gharama za kupima upya walilipa wenyewe, kwa kuwa katika karatasi za mapatano hapakuwa na neno lolote juu ya besi.

Mtauliza, alama inayojulikana yatoka wapi? Ziko alama za Serikali, za idara ya upimaji iliyoko Ruaraka, ambazo wapima walizijenga juu ya vilima na penginepo. Njia nyingine ni kuiacha besi isikilize kwa muda wa saa mbili au zaidi bila kuguswa, na kumbukumbu zake zilinganishwe na zile za stesheni za kudumu. Moja tunayo hapa hapa Nairobi, huko Kasarani, katika kituo cha RCMRD kilichoanzishwa mwaka 1975 kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika. Stesheni yake yaitwa RCMN, haina likizo wala zamu, na yahesabiwa katika mtandao wa dunia nzima. Kutoka Kasarani mpaka Kamulu si mbali hata kidogo kwa hesabu za namna hii. Iko pia idara ya Serikali ya Australia ambayo hufanya hesabu hizo bure kwa mtu ye yote anayewapelekea kumbukumbu kwa intaneti. Na asijidharau mtu kwa kudhani kwamba mambo ya setelaiti ni ya wageni tu. Tarehe 12 Desemba 1970 setelaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia lililo baharini karibu na Malindi. Hiyo ilichunguza nyota, si ploti, lakini ilianza safari pwani yetu.

Kuna jambo litakalowachekesha. Alama yenyewe husafiri. Ardhi tuliyosimama juu yake hapa Nairobi husogea kuelekea kaskazini-mashariki karibu sentimita 3 kila mwaka, na nyumba na reli pamoja nayo. Kwa miaka 10 ni urefu wa rula ya shule. Kwa hiyo namba za alama zikitolewa bila mwaka, hazijakamilika.

Kosa kubwa kuliko hilo latoka katika ramani za zamani. Ramani nyingi za Kenya zimefanywa kwa hesabu iitwayo Arc 1960, na simu na setelaiti hutumia hesabu nyingine iitwayo WGS84. Mahali ni pale pale, lakini namba zatofautiana: kama mita 300 kwa upande wa kaskazini na kusini, na kama mita 90 mashariki na magharibi. Nilimwona mtu ameandika namba za ramani yake katika simu, akafika katikati ya mahindi ya watu, akaanza kulia kwamba ameibiwa. Shamba lake lilikuwa pale lilipokuwa siku zote. Lakini matapeli nao wanajua jambo hili, na huonyesha shamba la mtu mwingine kwa namba zinazofanana na za kweli.

Juu ya sheria nitasema machache, maana yuko mwanasheria atakayekuja mwezi ujao. Mipaka ya hati hupimwa na mpima mwenye leseni chini ya Sheria ya Upimaji, Mlango 299, na ramani yake haitoshi mpaka ikubaliwe na Mkurugenzi wa Upimaji. Kung'oa au kusogeza bikoni ni kosa la jinai, hata kama imo ndani ya jiko lako. Tangu Aprili 2021 Serikali imefungua daftari la ardhi la Ardhisasa kwa kuanzia na Nairobi. Mambo yakiingia humo kwa namba, basi namba mbaya huingia nazo upesi kama nzuri.

Bei za vyombo zimeshuka. Vile vya kampuni kubwa kama Trimble na Leica bado ni vya mamilioni ya shilingi, lakini sasa chapatikana kipande kidogo cha risiva kwa dola kama 200, na vijana hukiunganisha na kompyuta. Ni jambo zuri, ila limeleta besi nyingi zenye vitufe vya "hapa" na watu wachache wa kuuliza.

Sasa habari ya Kamulu. Kamati ya akiba bado haijalipa sehemu ya mwisho ya fedha, na wenye kuuza wanatuharakisha. Kamati imekubali, nami nililiunga mkono jambo hili, kwamba hatulipi mpaka besi isimamishwe mbele ya wanachama wenyewe. Mpima ataulizwa: besi imesimama juu ya alama gani, namba zake umezipata kwa nani na za mwaka gani, ni za Arc 1960 au WGS84? Kisha, kabla ya kugusa kigingi cho chote, rova ipelekwe kwenye bikoni nyingine ya zamani isiyo yetu wala ya muuzaji. Ikitofautiana zaidi ya sentimita chache, vyombo vifungwe, kazi isianze mpaka sababu ijulikane. Jioni, kabla ya kuondoka, rova irudi pale pale mara ya pili. Majibu yote mawili yaandikwe, mpima atie sahihi, na nakala ibaki kwa karani wa tawi. Maneno hayo yaingizwe pia katika mapatano, na atakayelipa gharama za kupima upya atajwe.

Safari ni Jumamosi ijayo. Basi litaondoka mbele ya ukumbi huu saa moja asubuhi. Nahitaji watu wanne wenye nguvu wa kubeba betri na miguu, mmoja mwenye mwandiko mzuri wa kushika daftari, na wawili wa kulinda besi kwa zamu mchana kutwa, wasioondoka hata kwa chakula, kwa kuwa chakula wataletewa. Wanaopenda wampe karani majina yao kabla ya kutoka. Sasa, Bwana Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.